Komenti chini ya dokumentesheni ya programu huria: Giscus, Disqus, Isso, Discourse, au fomu tu inatosha?

Swali hili linakuja pale watu wameanza kuitumia programu yako kweli kweli. Mtu anasoma ukurasa wa kuinstoli, hatua ya nne inagoma, anahangaika mpaka anapata njia, halafu hana pa kuiandika hiyo njia ili mwenzake wa kesho asihangaike. Ukimwekea sehemu ya komenti chini ya ukurasa anaandika hapo hapo, usipomwekea anaandika kwenye grupu la WhatsApp na huko hamna Google itakayokuja kuikuta.

Mimi niko upande wa kumpa msomaji pa kuandika. Ila njia ziko nyingi na haziko sawa hata kidogo, na kabla ya kuangalia ipi ina sura nzuri jiulize mambo mawili: wasomaji wako wana akaunti za wapi, na ni nani hasa atakuwa anazisoma hizo komenti na kuhamishia zile nzuri kwenye maelezo yenyewe. Hili la pili ndo linaamua karibu kila kitu, mana komenti ni malighafi tu, na kama hamna mtu wa kuipika itaoza pale pale chini ya ukurasa.

Tuanze na waliokaa na komenti muda mrefu. PHP, lugha ya kuandikia programu za saiti, ndo mfano mkongwe, mwongozo wake una noti za wasomaji tangu miaka ya mwisho ya 1990 na mpaka leo zipo. Huhitaji akaunti, unaandika jina na noti yako, unajibu kaswali ka hesabu kalikoandikwa kwa maneno, kwa mfano nane kutoa tano, ili wajue wewe sio roboti, afu wasomaji wengine wanaipigia kura juu au chini na zenye kura nzuri zinapanda. Fomu yenyewe inakwambia wazi kwamba hapo sio pa kuripoti hitilafu wala kuomba msaada, na kuna watu wanazipitia, mbovu zinafutwa.

Uzuri wake unauona kwenye vitu kama tarehe. Maelezo rasmi yanakupa vigezo na aina ya jibu utakalopata, sawa, lakini mtu wa kazini anaetengeneza mfumo wa mikopo ndo atakwambia ukichukua tarehe 31 Januari ukaongeza mwezi mmoja hupati mwisho wa Februari, PHP inakurusha mpaka Machi kwa sababu 31 Februari haipo, na mteja wako anapata tarehe ya marejesho ambayo hamkukubaliana. Onyo la namna hiyo sahivi liko hata ndani ya mwongozo wenyewe, na hapo ndo mahali pake. Noti nzuri mwisho wa safari yake ni kupanda juu.

Ubaya wake ni umri. Zile fanksheni za zamani za MySQL zinazoanza na `mysql_` zilitangazwa zimepitwa na wakati kwenye PHP 5.5 mwaka 2013, zikaondolewa kabisa kwenye PHP 7.0 Desemba 2015. Sasa chukua noti ya mwaka 2006 yenye `mysql_query`, jina la mtumiaji limechukuliwa kwenye fomu na kubandikwa moja kwa moja ndani ya sentensi ya SQL, yani lugha ya kuulizia databesi. Siku ile watu waliishangilia, leo haifanyi kazi kabisa, na hata mtu akiibadilisha iendane na maktaba mpya bado kamfungulia mlango kila anaetaka kuchota databesi yake. Anaejifunza hajui kutofautisha, anaona tu kitu kiko kwenye saiti rasmi kwahiyo ni rasmi, na mwenye mradi hata kama hakuandika yeye lawama inamhusu kwa sababu ni nyumba yake.

PostgreSQL, mradi wa programu ya databesi, walienda upande wa pili. Nao walikuwa na komenti chini ya kurasa, wakaziondoa. Sasa chini kuna maelezo mafupi kwamba ukiona kitu sio sahihi au hakiendani na ulichokutana nacho jaza fomu, unalogini kwa akaunti ya jamii ya PostgreSQL, unaandika, na ulichoandika kinaenda kwenye orodha ya baruapepe ya watu wa dokumentesheni. Wanajadili, wakikubali yale maneno ya juu yanabadilishwa. Msomaji anaekuja baada yako haoni mabishano yenu wala mbinu kumi za watu kumi, anakuta ukurasa uliorekebishwa.

Ukiweka hizi mbili bega kwa bega unaona kila mmoja kalipa bei yake. PHP kapata mifano mingi ya maisha halisi na anabeba kazi ya kufagia isiyoisha. PostgreSQL kapata ukurasa msafi unaoaminika ila kapoteza ile mbinu ndogo ya mtu wa pembeni ambayo haitoshi kuingia kwenye mwongozo lakini ingeokoa jioni ya mtu. WordPress wamekaa katikati, kwenye kurasa zao za marejeo ya msimbo kuna noti za wachangiaji zenye kura, lakini lazima uwe na akaunti ya WordPress.org. Mimi katikati hapo napapenda, mana anaesoma kurasa zile tayari anajenga vitu vya WordPress, kumwomba akaunti ya WordPress sio kumwonea.

Mradi wako labda hauna watu wa kujenga mfumo wake wa noti kutoka sifuri, na saiti yako ni faili tupu za HTML zilizozalishwa na vyombo kama MkDocs, Sphinx, Docusaurus au Hugo, haina databesi nyuma. Kwahiyo unabandika kitu cha mtu mwingine. Hapa ndo wengi wanachanganyikiwa.

Giscus na Utterances ni ndugu, zote zinahifadhi komenti kwenye GitHub, saiti ambako miradi mingi inaweka msimbo wake. Utterances ndo ilitangulia, inatumia isyu (tiketi) za ripo, yani hifadhi ya msimbo wa mradi, na kila ukurasa ukipata komenti unafunguliwa isyu yake. Kwa blogu ya mtu mmoja ni sawa, kwa mradi wa programu mimi siishauri, kwa sababu isyu zako ni pale unapofuatilia hitilafu na ghafla zinajaa mazungumzo ya "asante imenisaidia". Giscus inatumia Discussions za GitHub, yani sehemu yake ya mazungumzo, ambazo zilifunguliwa rasmi kwa wote 2021, na hiyo peke yake inatosha kuichagua mbele ya Utterances: kuna majibu ndani ya majibu, kuna emoji za kuitikia, na isyu zinabaki isyu. Ni bure, haina matangazo, hailazimishi seva yako mwenyewe, na mtu akikomenti wewe unapata taarifa pale pale unapopata taarifa za ripo. Unaweka skripti moja, ripo iwe ya wazi, Discussions ziwashwe, app ya giscus iinstoliwe kwenye ripo, basi. Kategoria chagua ile ya Announcements (taarifa za mradi) kama wenyewe wanavyoelekeza, ili kufungua mada mpya iwe kazi ya giscus na watunzaji wa mradi tu, wasomaji wao wanajibu.

Kuna sehemu moja ya Giscus inabidi uielewe vizuri kabla hujawasha, nayo ni jinsi inavyojua komenti hizi ni za ukurasa upi. Inatafuta Discussion ambayo kichwa chake kinalingana na kitu fulani cha ukurasa, na wewe unachagua kitu gani: njia ya ukurasa, anwani nzima, kichwa cha ukurasa, au neno maalum unaloliweka mwenyewe. Wengi wanachagua njia ya ukurasa na wanaendelea na maisha. Sasa siku umepanga upya folda zako, ukurasa uliokuwa `/install/linux/` umekuwa `/kuanza/linux/`, Giscus inaenda kutafuta jina jipya haikuti kitu, komenti zote za ukurasa ule hazionekani tena. Hazijafutika, ziko GitHub, unaingia kule unabadilisha kichwa cha Discussion kiendane na njia mpya zinarudi, lakini fikiria una kurasa mia mbili. Na kama dokumentesheni yako ina matoleo, yani `/5.0/`, `/5.1/` na `/latest/`, kwa njia ya ukurasa kila toleo linapata uzi wake. Hiyo ina faida, komenti ya 5.0 haimpotoshi mtu wa 5.1, ila mazungumzo yanatawanyika na kila ukitoa toleo unaanza na ukurasa mtupu. Ukitumia kichwa cha ukurasa matoleo yote yanaweza kukutana uzi mmoja, na hapo lazima umwombe kila mtu ataje toleo analotumia. Mimi ningeacha zitengane, na zile nzuri nizihamishe mwenyewe kwenye maandishi kabla ya toleo jipya.

Tatizo kubwa la Giscus ni lile la akaunti. Programu yako ikiwa ni maktaba ya Python au Go, kila msomaji ana GitHub, tumemaliza. Lakini angalia programu huria zinazotumika sana huku kwetu: OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ambao ulianza 2004 na ukawashwa Eldoret 2006, au DHIS2 inayoratibiwa Chuo Kikuu cha Oslo na ambayo wizara za afya za ukanda wetu wanaingizia takwimu. Anaesoma maelezo ya kuingiza data kule ni mtu wa takwimu wa wilaya au muuguzi aliyepewa laptop, huyo hana GitHub na hana sababu ya kuwa nayo, na ndo yeye anaejua kwamba kile kitufe kwenye simu ya skrini ndogo hakionekani. Ukimwekea mlango wa GitHub umemwambia asiseme. Kwa kundi hili miradi yote hiyo miwili inatumia Discourse, programu ya jukwaa la mazungumzo, kwa jamii yake, OpenMRS wanaiita Talk, na hiyo ni njia ya peke yake nitaigusa chini.

Disqus, huduma ya komenti ya kubandika kwenye saiti, ntaisema haraka. Ilianzishwa 2007, 2017 ikanunuliwa na Zeta Global ambayo ni kampuni ya masoko na data, na 2021 mamlaka ya ulinzi wa data ya Norway ilitoa taarifa ya kusudio la kuitoza faini ya kroner milioni 25 kwa kuwafuatilia watumiaji. Mpango wa bure unakuja na matangazo. Ni rahisi kuweka, msomaji anaweza kuingia kwa akaunti za mitandao ya kijamii, hayo nayakubali, lakini mtu kaja kusoma jinsi ya kurekebisha seva yake wewe unamuonyesha matangazo ya vidonge na unamwachia skripti za kumfuatilia. Na anaesoma kwa simu kwa bando la shilingi mia tano, zile skripti zote zinakula bando lake kabla hata hajaona komenti moja. Kwa programu huria mimi naona haifai kabisa.

Ukitaka komenti bila GitHub na bila matangazo, unabeba mzigo mwenyewe, na hapo mashindano ni Isso na Remark42. Isso imeandikwa kwa Python, inahifadhi kila kitu kwenye faili moja la SQLite, mtu anaandika bila akaunti, jina na baruapepe akitaka, na unaweza kuiweka komenti isionekane mpaka uikubali kwa linki inayokuja kwenye baruapepe yako. Kama unatoka Disqus au WordPress ina njia ya kuingiza komenti zako za zamani. Remark42 imeandikwa kwa Go, inakuja faili moja la kuendesha au kontena la Docker, haihitaji databesi ya pembeni, inajifanyia bakapu kila siku, na msomaji anaingia kwa Google, GitHub, Telegram, baruapepe, au bila jina kama utaruhusu. Telegram hapo ni jambo kubwa kwa wasomaji wetu. Zote zinakaa kwenye seva ndogo ya bei ya chini. Kati ya hizo mbili, mradi mdogo wa mtu mmoja au wawili ningewapa Isso kwa sababu ya wepesi wake, mradi wenye wasomaji mchanganyiko na watu watatu wanne wa kuchuja ningewapa Remark42.

Ila kujiwekea mwenyewe maana yake baruapepe za watu ziko kwako. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019, Tanzania ina ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na kama wasomaji wako wako Ulaya wana yao. Usiombe kitu usichokihitaji, hilo la kwanza, na uweke njia ya mtu kuomba komenti yake ifutwe. Pia seva ikizima saa nane usiku komenti zinapotea kwenye kila ukurasa mpaka uamke, ingawa dokumentesheni yenyewe inaendelea kusomeka kama kawaida.

Discourse ni kitu kizito, inataka PostgreSQL, Redis na angalau giga moja ya RAM na swapu juu yake, kuiweka kwa ajili ya komenti tu ni matumizi mabaya. Ikiwa tayari mnayo basi ni nzuri mno, unaiunganisha na saiti, ukurasa unapata mada yake, majibu yanaonekana chini ya ukurasa, na kawaida anaetaka kujibu anabonyeza anaenda kuandika kule. Faida yake hamna kwingine: maswali yanapata pa kwenda. Mana ukweli ni kwamba chini ya dokumentesheni watu hawaandiki mbinu tu, wanauliza, na swali lililokaa miezi mitano bila jibu chini ya ukurasa wa kuinstoli linamwambia mgeni kwamba mradi umekufa, hata kama mnafanya kazi usiku na mchana.

Kuna na zile njia ndogo ambazo watu wanazidharau. Linki ya kuhariri ukurasa, MkDocs na Docusaurus zote zinayo, inampeleka mtu moja kwa moja kwenye faili kule kwenye ripo arekebishe na kutuma pul rikwesti, yani ombi la marekebisho yake yaingizwe. Kwa kosa la herufi hamna kinachoishinda. Kwa mtu ambaye hajui hata anachotaka kusema kisemwe vipi, haimsaidii. Na kile kiswali cha "ukurasa huu umekusaidia?" chenye ndiyo na hapana, kama kwenye dokumentesheni ya Kubernetes, kinakuonyesha ukurasa upi unaumwa bila kukwambia unaumwa nini. Ukikiweka, weka na fomu fupi ya maneno pale mtu anapobonyeza hapana, na fomu isiulize baruapepe kwa lazima.

Upande wa spamu na usalama msidanganyike kwamba kulogini kunamaliza. Mwaka 2024 kwenye GitHub kwenyewe zilimwagwa komenti za uongo kwa maelfu zikijifanya zinatoa suluhisho, linakuja faili la kudownload lililofungwa kwa nywila, ndani yake kuna Lumma Stealer inayoiba nywila za kwenye brauza. Komenti ya namna hiyo ikiwa kwenye isyu angalau msomaji anajua yuko kwenye mazungumzo, ikiwa chini ya ukurasa rasmi wa kuinstoli anaiamini mara mbili. Na hata bila ubaya wa makusudi, kuna mtu mwema kabisa atakuja kuandika "weka chmod 777 itakubali", yani amri ya kumruhusu kila mtu kubadilisha faili, ikakubali kweli, na watu thelathini wakamfuata. Hizo zinafutwa siku hiyo hiyo. Kama hamna mtu wa kuziona siku hiyo hiyo, weka mfumo wa kukubali kwanza ndo zionekane, ambao Isso inao na Giscus haina.

Kwahiyo mimi ningechagua hivi. Maktaba ya wadevelopa, watunzaji wako GitHub kila siku: Giscus pamoja na linki ya kuhariri. Programu ya watumiaji wa kawaida, ofisini au hospitalini, na mna mtu wa kuchuja: Remark42, au Discourse kama ipo tayari. Uko peke yako na muda wako ni jumamosi tu: achana na komenti, weka fomu kama ya PostgreSQL na usome kila kinachoingia, utasaidia watu zaidi kuliko kuwaachia uwanja usio na mlinzi. Na programu inayohusu pesa au data za wagonjwa, komenti zisionekane mpaka zisomwe, kwahiyo chagua chombo chenye mfumo wa kukubali kwanza, kama Isso.

Chochote utakachochagua, juu ya kisanduku andika sentensi moja kwamba anaeandika anaruhusu maneno yake yaingizwe kwenye dokumentesheni kwa leseni ile ile ya mradi, vinginevyo siku unataka kuhamisha mbinu nzuri unaanza kumtafuta mtu wa mwaka juzi asiyejibu. Kuhamisha ni muhimu zaidi kwa wale wanaodownload PDF waende nayo sehemu isiyo na mtandao, kwa sababu komenti haziingii kwenye PDF, kinachoingia ni maandishi yako tu. Na usiwashe saiti nzima siku moja. Kwenye Material for MkDocs, ukishaweka skripti ya Giscus kwenye kiolezo cha komenti, kila ukurasa unaamuliwa peke yake kwa kuandika `comments: true` juu ya faili lake. Anza na ukurasa wa kuinstoli, wa makosa yanayojirudia na wa kuhamia toleo jipya. Kurasa za marejeo ya kila kigezo ziache kwanza.